Damu chooni na neno "ni bawasiri tu": saratani ya utumbo mpana inavyojificha kwetu Mara

Oktoba ikifika, redio nyingi zinazungumzia saratani ya matiti. Novemba ni zamu ya tezi dume. Mlango wa kizazi nao una kampeni zake, na wasichana wetu wamekuwa wakichanjwa tangu mwaka 2018. Lakini Machi, mwezi ambao nchi nyingi zimeutenga kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana, kwetu unapita na habari za mvua, mbegu na bei ya dagaa.

Ni mada ngumu hewani. Ukizungumzia haja kubwa saa mbili asubuhi, watu wakiwa wanakunywa uji, kuna atakayezima redio. Ndiyo maana tumeiweka hapa kwa maandishi, uisome kwenye simu yako kwa utulivu, na ukitaka umsomee na mwenzako.

Maswali tunayopokea kuhusu jambo hili yanafanana sana: "Nikienda haja kubwa naona damu, nimeambiwa ni bawasiri, nitumie dawa gani?" Tutaanza na hapo.

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula, kama mita moja na nusu hivi, inayoishia kwenye njia ya haja kubwa. Saratani ya sehemu hiyo haianzi kwa kishindo. Mara nyingi huanza na kinyama kidogo kinachoota ndani ya ukuta wa utumbo, mfano wa uyoga. Vinyama vingi vya aina hiyo havina madhara. Vichache hubadilika polepole kuwa saratani, na mabadiliko hayo kwa kawaida huchukua miaka kama 10. Kipindi hicho kirefu ndicho kinachofanya kupima mapema kuwe na maana. Kinyama kikikutwa bado kidogo, daktari hukikata papo hapo kwa kifaa chenye kamera, na saratani inakuwa imezuiwa kabla haijazaliwa. Kikiachwa kikavunja ukuta wa utumbo na kufika kwenye ini au mapafu, kazi inakuwa nyingine kabisa. Kwa takwimu za Marekani, katika kila watu 10 waliogunduliwa saratani hii ikiwa bado ndani ya utumbo, karibu 9 wanakuwa hai baada ya miaka 5. Ikishasambaa mbali, hawafiki 2.

Duniani huu ni ugonjwa mkubwa. Mwaka 2022 ulikadiriwa kuwapata watu wapya milioni 1.9 na kuua wapatao 900,000. Kwa Tanzania, makadirio ya mwaka 2020 kwa saratani zote kwa pamoja yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 na vifo karibu 27,000. Ukilinganisha namba hizo mbili za nchi yetu, unaona pengo kati ya wanaougua na wanaokufa lilivyo dogo. Wengi wanafika hospitali wakiwa wamechelewa.

Zamani iliaminika kuwa ugonjwa huu ni wa Wazungu, na imani hiyo ina historia hapa hapa Afrika Mashariki. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, aliona kuwa wagonjwa wake Waafrika hawakuwa na saratani ya utumbo kama watu wa kwao Ulaya. Mwaka 1971 aliandika kuwa sababu huenda ni chakula: Waafrika walikula nafaka isiyokobolewa, mizizi na mboga nyingi, kwa hiyo choo kilipita haraka. Burkitt huyu ndiye ambaye uvimbe wa taya wa watoto unaitwa kwa jina lake, na mkoa wetu umo katika simulizi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, watoto wa Mara Kaskazini, yaani Tarime na Rorya za leo, walipewa vidonge vya klorokwini ili watafiti waone kama kuzuia malaria kungepunguza uvimbe huo.

Burkitt alisema kweli kuhusu chakula kwa kiasi kikubwa. Lakini dunia aliyoiona si ya leo. Ugali wa mtama na muhogo umepisha sembe iliyokobolewa, soda imefika mpaka gulio la mwisho, na watu wanaishi umri mrefu zaidi. Mwaka 2013 madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 300 wa saratani ya utumbo mpana waliowahudumia kwa miaka michache tu. Wengi walifika ugonjwa ukiwa hatua za mwisho. Wengi pia walikuwa hawajafika hata miaka 50. Hilo la umri tunaomba ulishike, maana tumezoea kuambiana kuwa saratani ni ya wazee.

Sasa turudi kwenye damu. Hapa Mara, mtu akiona damu kwenye choo ana maelezo manne mkononi kabla hajafikiria saratani. La kwanza ni bawasiri. La pili ni amiba. La tatu ni minyoo. La nne, kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa kuanzia Majita mpaka Kisorya, ni kichocho cha matumbo, ambacho kweli huleta damu kwenye choo na kweli kipo kwa wingi. Yote manne ni magonjwa halisi, na yote ni ya kawaida kuliko saratani. Mhudumu wa zahanati anayeanza kwa kukufikiria kichocho anafanya kazi yake vizuri.

Tatizo linaanza mara ya pili. Tuchukulie mvuvi wa Guta mwenye miaka 44. Anaona damu mwezi wa pili, anapewa dawa za kichocho, damu inapungua. Na hata saratani damu yake huja na kuondoka, kwa hiyo kupungua hakuthibitishi kitu. Mwezi wa tano inarudi. Safari hii haendi zahanati, anapita duka la dawa muhimu, anapewa flajili. Mwezi wa nane anaambiwa na jirani kuwa hiyo ni bawasiri, ananunua dawa ya mitishamba pale mnadani, ya kunywa na ya kupaka. Mwezi wa kumi na moja amekonda, anachoka akipanda mtumbwi, akipimwa anaambiwa damu ni ndogo, anaandikiwa vidonge vya kuongeza damu. Mwaka umeisha. Kila aliyemhudumia alimpa jibu linaloeleweka kwa siku ile. Hakuna hata mmoja aliyeziona siku zote kwa pamoja, isipokuwa mvuvi mwenyewe.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, ujumbe wa "nendeni mkapime mapema" ukiachwa hivyo hivyo hautusaidii sana huku. Uingereza, mtu akifikisha miaka 50 anatumiwa nyumbani kifaa kidogo cha kuchukulia choo, kila baada ya miaka miwili, anakirudisha kwa posta, maabara inatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Marekani wanashauri watu waanze kupima wakiwa na miaka 45. Tanzania haina mpango wa kitaifa wa namna hiyo kwa utumbo mpana, kama ule wa mlango wa kizazi ambao mama anapimwa kliniki bila malipo. Na hata tukiletewa kifaa cha Uingereza kesho, kando ya Ziwa Victoria kingekuta damu ya kichocho kwa watu wengi wasio na saratani, kisha wote hao wangehitaji kipimo cha kamera ambacho foleni yake sasa hivi ni ndefu na kiko hospitali chache.

Kinachowezekana leo, kwa gharama ya nauli ya boda boda, ni kutokubali mara ya pili. Damu ikirudi baada ya dozi kamili, rudi kule kule ulikoanzia ukiwa na cheti au daftari lako la matibabu, na useme maneno haya: "Nilitibiwa tarehe fulani kwa dawa hizi, damu imerudi, naomba kuchunguzwa njia ya haja kubwa na kupewa rufaa." Sema vilevile kama choo kimebadilika kwa zaidi ya wiki tatu, yaani unaharisha kisha unafunga, au choo kimekuwa chembamba, au unatoka chooni unahisi bado. Taja kupungua uzito. Na mwanamume mtu mzima, au mama aliyekwisha kukoma hedhi, akiambiwa ana upungufu wa damu, aulize damu hiyo inakwenda wapi kabla ya kumeza vidonge vya kuiongeza.

Kuchunguzwa njia ya haja kubwa maana yake daktari anavaa glavu, anapaka mafuta, anaingiza kidole kwa nusu dakika. Tunajua utani unaoendelea vijiweni Nyasho na Kiabakari kuhusu kidole hicho. Umeanzia kwenye tezi dume na umesambaa. Wanaume wa mkoa huu, ambao tunajisifu kwa kuvumilia kisu cha jando bila kupepesa jicho, tunakimbia kidole. Uvimbe uliopo sehemu ya chini kabisa ya utumbo mara nyingi unaguswa kwa kidole hicho, bila umeme na bila mashine, katika chumba chochote chenye glavu.

Hatua inayofuata ni kamera. Siku moja kabla, mgonjwa hali chakula kigumu, anakunywa dawa ya kusafisha tumbo na vimiminika tu. Anakwenda chooni mara nyingi, na wengi husema usiku ule ndio mgumu kuliko kipimo chenyewe. Kesho yake anapewa dawa ya kumtuliza, mpira mwembamba wenye kamera unapitishwa, na kikionekana kitu kinakatwa kipande kidogo kupelekwa maabara. Majibu ya nyama ndiyo yanayotamka kama ni saratani, na yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Usihesabu kuwa umepona kwa sababu tu hujapigiwa simu. Kwa Kanda ya Ziwa, Bugando ndiyo hospitali ya kanda, yenye kamera, wapasuaji, dawa za saratani na mionzi. Kutoka Musoma ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Bunda, Lamadi na Magu. Njia ya kawaida ni zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kwangwa, kisha Bugando. Pia, tangu mwaka 2024 madaktari bingwa wanaotumwa na Serikali wamekuwa wakizunguka kwenye hospitali za halmashauri, wakiwamo wa upasuaji. Ukisikia tangazo la kambi hiyo Bunda au Butiama, tumbo linaloleta damu ni sababu tosha ya kwenda.

Hospitali ile ya Kwangwa, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970 na kukaa gofu kwa miongo kadhaa kabla ya kufunguliwa, ina jina la Mwalimu Nyerere, ambaye naye alifariki kwa saratani, ile ya damu, London, tarehe 14 Oktoba 1999. Ugonjwa wake ni tofauti na huu tunaouzungumzia. Lakini watu wa Butiama wanakumbuka jinsi neno saratani lilivyokuwa zito kulitamka siku zile.

Uzito huo ulipungua kidogo Novemba 2014, Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume huko Baltimore, Marekani, akarudi nchini na kueleza hadharani alitibiwa nini, akawahimiza wanaume wapime. Alikuwa amegunduliwa mapema. Jirani zetu Kenya wana mfano wa upande wa pili. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitangaza kuwa ana saratani ya utumbo mpana iliyofikia hatua ya nne, akafariki tarehe 26 Julai 2019 akiwa na miaka 41. Na kwa wapenzi wa mpira, Pelé aliondolewa uvimbe kwenye utumbo mpana Septemba 2021, baada ya kuonekana katika vipimo vya kawaida. Akarudi nyumbani, akaendelea na matibabu, akafariki Desemba 2022 akiwa na miaka 82.

Kupona kwenyewe kukoje

Upasuaji wa kawaida ni kukata kipande cha utumbo chenye uvimbe pamoja na tezi za jirani, kisha kuunganisha ncha mbili. Siku za mwanzo daktari atamuuliza mgonjwa swali ambalo huwachekesha wauguzaji: "Umetoa upepo?" Analiuliza kwa dhati. Kujamba ni dalili kuwa utumbo umeamka. Mgonjwa anatakiwa kuinuka na kutembea mapema, hata hatua tano za kuzunguka kitanda, kwa sababu kulala tu kunaganda damu miguuni na kuharibu kifua. Shangazi anayesema "mwacheni alale, amekatwa" anamtakia mema lakini anamchelewesha.

Chakula kinaanza na maji, uji mwepesi, mchuzi wa samaki, kisha wali laini na ndizi. Makande, mahindi ya kuchoma na maembe yenye nyuzi vinasubiri wiki kadhaa. Baadaye mboga na nafaka zisizokobolewa zinarudi kidogo kidogo, na hapo Burkitt anapewa haki yake. Choo hakitarudi kama zamani mara moja. Wengine huenda mara tano kwa siku kwa miezi.

Kazi ndiyo inayowaponza wengi vijijini. Kwa wiki 6 hivi hakuna ndoo ya lita 20, hakuna jembe, hakuna kuvuta nyavu wala kubeba gunia. Jeraha la juu linapona mapema na kumdanganya mtu, huku misuli ya ndani bado. Anayewahi shamba anaweza kurudi hospitali na ngiri. Homa, usaha kwenye kidonda, tumbo kuvimba na kutapika, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, yote hayo ni ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Wapo ambao utumbo hauwezi kuunganishwa papo hapo, hasa waliofika wakiwa wameziba kabisa, tumbo gumu, hawatoi choo wala upepo. Hao hutolewa ncha ya utumbo kwenye ukuta wa tumbo, na kinyesi kinapokelewa na mfuko maalumu uliobandikwa juu ya ngozi. Kwa wengine ni kwa miezi michache, kwa wengine ni maisha yote. Hapa ndipo tunaposikia huzuni nyingi. Mtu anaacha kwenda kanisani au msikitini, anaacha kukaa kikaoni, anahamia chumba cha peke yake, kwa sababu ya harufu anayoihofia kuliko inavyonukia kwa wengine. Mifuko hiyo ni ghali na hupatikana mjini, kwa hiyo wapo wanaofunga kitambaa na nailoni, ngozi inachubuka. Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, mwombe muuguzi akufundishe wewe na anayekuuguza kubadilisha mfuko, kukata tundu lake kwa saizi sahihi na kuosha ngozi kwa maji tu na kuikausha. Omba pia uambiwe wazi ni lini utarudi kufungwa, au kama hautafungwa. Mwenye mfuko analima, anaoga, anasafiri, analala na mwenzi wake.

Majibu ya nyama yakionyesha ugonjwa ulifika kwenye tezi, kunafuata dawa za saratani za kuingizwa kwenye mshipa au za vidonge, kwa miezi mitatu hadi sita. Zinatakiwa kuanza ndani ya miezi miwili hivi baada ya upasuaji. Hesabu safari: kutoka Buhemba hadi Mwanza kila baada ya wiki mbili au tatu, nauli za watu wawili, mahali pa kulala. Mgonjwa anaona amepona, kidonda kimefunga, ng'ombe wawili wameshauzwa, kwa nini auze wa tatu? Anaacha. Tunaelewa hesabu hiyo, lakini dawa hizo zinafuata chembe ambazo kisu hakikuziona.

Kuhusu fedha, kadi ya CHF iliyoboreshwa tuliyoizoea, kaya ya watu 6 kwa shilingi 30,000, mwisho wake ulikuwa hospitali ya mkoa, na saratani inaanzia pale kadi hiyo inapoishia. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Swali ambalo wananchi wa Bunda na Butiama wanapaswa kuwauliza madiwani na wabunge wao ni moja: kifurushi cha mkulima kinafika Bugando, na kinalipa kamera na dawa za saratani, au kinaishia Kwangwa? Swali la pili ni lini mkoa wenye watu zaidi ya milioni mbili utakuwa na kipimo hicho cha uhakika, chenye mtaalamu wake, bila kuvuka Lamadi. Wakati majibu yakisubiriwa, asiye na uwezo apitie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya matibabu, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji. Kwenda huko baada ya bili kutoka kunakuwa na mvutano mrefu.

Baada ya dawa kuisha, mgonjwa anaonwa kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka ya mwanzo, na kufuatiliwa mpaka miaka 5, pamoja na kamera nyingine baada ya mwaka mmoja wa upasuaji. Wakati huo familia nayo ina zamu yake. Mtoto, kaka au dada wa mtu aliyepata saratani hii anashauriwa kupimwa kwa kamera akifikisha miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligunduliwa, kutegemea ipi inatangulia. Kama yule mvuvi wa Guta aligunduliwa akiwa na miaka 44, mdogo wake anatakiwa kuomba kipimo akiwa na miaka 34, hata kama hajawahi kuona tone la damu.